Nimerudi kutoka Oman nikakuta nimewekwa CRB: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mshonaji wa Likoni. Mwaka 2021 nilikopa Sh120,000 benki, nikanunua cherehani na vitambaa. Mwisho wa 2022 nilienda Oman kufanya kazi za nyumbani, laini yangu ikafa, na mkopo nikauacha njiani. Nimerudi na Sh90,000. Nilipoomba mkopo kwenye sacco nikaambiwa niko CRB (kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu). Ripoti inaonyesha madeni matatu: benki inadai Sh171,000, kuna mkopo wa simu wa Sh2,300 ambao naukumbuka, na mwingine wa simu wa Sh14,500, wa Juni 2023, ambao siujui kabisa. Kuna kijana mjini anasema nikimpa Sh8,000 atanisafishia jina kwa siku tatu. Nimpe?

Jibu: Karibu nyumbani, dada, na pole. Kijana huyo usimpe hata shilingi, wala usimwachie nakala ya kitambulisho. Kilichoandikwa kwenye CRB kimeandikwa na mkopeshaji, na njia za kukibadilisha ni mbili tu: deni limelipwa na mkopeshaji akapeleka taarifa mpya, au umepinga rasmi na uchunguzi ukaonyesha kwamba deni si lako. Kampuni ya CRB ni mtunza daftari. Hakuna karani wala rafiki wa karani anayefuta mstari kwa siku tatu.

Watu wa aina hiyo hufanya mambo yanayojulikana. Wengine hula pesa na kuzima simu. Wengine hukuletea cheti cha CRB cha kughushi, ukipeleke kwenye sacco kwa moyo mweupe, na sacco ikiingiza nambari yako ya kitambulisho kwenye mfumo inakuta madeni yako palepale, na sasa una kesi ya cheti bandia juu yake. Walio wabaya zaidi hutaka picha ya kitambulisho, ya mbele na ya nyuma, pamoja na laini yako "kwa dakika kumi tu". Deni kama hilo la Sh14,500 huzaliwa hivyohivyo.

Sh8,000 hiyo ina kazi. Katika hesabu ya chini utaona inakwenda wapi.

Soma ripoti mstari kwa mstari

Kenya ina kampuni tatu za CRB zilizopewa leseni na Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila moja inapaswa kukupa ripoti moja bure kwa mwaka, na una haki ya nyingine ukinyimwa mkopo kwa sababu ya ripoti hiyo. Hukusema yako umeitoa wapi. Chukua zote tatu. Wakopeshaji hupeleka taarifa kwa kampuni zote, lakini masahihisho hayafiki kila mahali siku moja. Unaweza kuwa msafi kwa moja na mchafu kwa nyingine, na sacco yako ikawa inasoma hiyo nyingine. Jisajili kwa tovuti zao au programu zao za simu. Metropol pia wana *433#. Omba ripoti kamili, usiridhike na ujumbe mfupi unaokuambia alama tu, yaani namba inayopima ukopaji wako.

Ukiipata, anza na nambari ya kitambulisho, tarakimu baada ya tarakimu. Tarakimu moja iliyokosewa na karani wa benki inatosha kukubebesha deni la mtu wa Busia. Kisha kwa kila mkopo andika kwenye daftari lako: jina la mkopeshaji, tarehe mkopo ulipofunguliwa, kiasi cha kwanza, salio la sasa, siku za kuchelewa, hali ya akaunti, na tarehe ya mwisho taarifa ilipoletwa. Hiyo ya mwisho wengi huiruka, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini mtu aliyelipa miezi mitatu iliyopita bado anaonekana anadaiwa: mkopeshaji hajaleta taarifa mpya.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na neno moja huwapoteza watu. Ukiona "written off", usishangilie. Haina maana kwamba umesamehewa. Benki imelitoa deni kwenye hesabu za mali yake kwa sababu imekata tamaa ya kulipwa karibuni, lakini bado inakudai na bado umeorodheshwa. "Non-performing" ni mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa inavyotakiwa, na huo ndio mpaka ambao ukiuvuka mtaani husemwa "ameingia CRB". Kwa kweli CRB kila mkopaji yumo, mzuri na mbaya. Kinachokuumiza ni hali ya akaunti iliyoandikwa mbele ya jina lako.

Kuhusu alama: Metropol hutumia kipimo cha 200 hadi 900, na chini ya 400 ni dalili kwamba kuna mkopo ulioharibika. Usiikimbize alama yenyewe. Inahesabiwa kutokana na mistari hiyo, na mistari ikirekebishwa nayo inapanda.

Jambo jingine la kuangalia: tangu kanuni za Aprili 2020, deni lisilofika Sh1,000 halipaswi kupelekwa CRB kama deni baya. Lako la Sh2,300 limevuka hapo. Lakini ukikuta kwenye ripoti nyingine mstari wa Sh640, au Sh890 ya zamani ya Fuliza (mkopo wa M-Pesa wa salio lisipotosha), una haki ya kudai uondolewe.

Deni usilolijua: lipinge leo, usililipe

Anza na hili la Sh14,500, kwa sababu uchunguzi wake huchukua muda, na muda huo unaweza kuutumia kwa mengine.

Utashawishika kulilipa ili yaishe. Usifanye hivyo. Kulipa hata Sh200 ni kukiri kwamba deni ni lako, na baada ya hapo hoja ya kwamba hulijui inakufa. Hata kwa simu, ukipigiwa na mkusanya madeni, usiseme "nitalipa mwisho wa mwezi". Sema: "Deni hili nimelipinga kwa maandishi, tafadhali subirini majibu."

Kabla ya kuandika, kusanya ushahidi. Kwenye laini ya Safaricom iliyosajiliwa kwa jina lako piga *106#, uone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta nambari usiyoijua, piga picha ya skrini kabla ya kuripoti ili ifungwe. Ikishafungwa huenda usiione tena. Kisha chukua pasipoti yako, utoe nakala ya ukurasa wa picha na kurasa zenye mihuri ya kutoka na kuingia. Muhuri peke yake haumalizi kesi, kwa sababu mkopo wa simu unaweza kuombwa ukiwa popote. Nguvu yake inakuja ukiuweka pamoja na swali moja ambalo lazima umuulize mkopeshaji: pesa zilitumwa kwa nambari gani ya simu?

Swali hilo una haki ya kujibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako ambazo kampuni inazishika, na kampuni ikikaa kimya unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nambari ikitajwa, mambo huwa wazi haraka. Mara nyingi ni laini iliyosajiliwa na wakala kwa kitambulisho cha mteja mwingine. Na kuna uwezekano ambao utauma zaidi: ni laini yako ya zamani. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye huuzwa kwa mtu mwingine, na kabla haijafungwa, yeyote aliyebaki na kadi yako na kujua namba ya siri angeweza kukopa. Ukiondoka ulimwachia nani simu? Liulize hilo nyumbani kwa upole kabla hujaenda polisi, kwa sababu ukishaandikisha taarifa, jina litakalotajwa huenda likawa la mtu wako wa karibu.

Kama nyumbani hakuna jibu, nenda kituo cha polisi, uandikishe, uombe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Halafu andika barua moja, nakala mbili: kwa kampuni ya CRB na kwa mkopeshaji. Iwe fupi hivi:

*Yah: Kupinga mkopo wa Sh14,500 wa Juni 2023. Mimi (jina kamili), kitambulisho nambari (…), sikuomba wala kupokea mkopo huu. Tangu (tarehe) 2022 hadi (tarehe) 2025 nilikuwa nje ya Kenya. Nakala ya pasipoti imeambatishwa. Naomba (1) mstari huu uwekewe alama kwamba unapingwa, (2) nipewe nambari ya simu au akaunti iliyopokea pesa, tarehe na saa, pamoja na nakala ya maombi ya mkopo, (3) ikiwa haya hayapatikani, mstari ufutwe. Nambari ya OB ni (…).*

Tuma kwa baruapepe ili tarehe ibaki, au peleka mkononi na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kupinga hakulipiwi, anayekutoza ada ya kupinga anakuibia. Kampuni ya CRB inatakiwa kuweka alama ya kwamba mstari unapingwa ndani ya siku tano za kazi, kisha imuulize mkopeshaji. Jipe wiki tatu hivi. Wakikaa kimya, au wakikujibu "rekodi zetu ni sahihi" bila kukuonyesha rekodi yenyewe, peleka barua zote Benki Kuu ya Kenya. Malalamiko yenye barua tatu zenye tarehe husikilizwa. Ya mdomo hupotea.

Angalia pia kama mkopeshaji huyo yumo kwenye orodha ya watoa mikopo ya kidijitali wenye leseni, ambayo Benki Kuu huiweka kwenye tovuti yake. Aprili 2020 programu za mikopo zisizosimamiwa na Benki Kuu ziliondolewa kwenye CRB, na tangu kanuni za Machi 2022 kila mmoja anahitaji leseni. Asiye na leseni hana ruhusa ya kupeleka jina lako popote.

Mkopo wa simu wa Sh2,300

Huu lipa wiki hii. Kazi yake ngumu ni laini, maana umezoea kulipa kutoka kwenye nambari ileile iliyokopa, na hiyo imekufa. Usitume pesa kwa Paybill (nambari ya M-Pesa ya kulipia kampuni) kwa kubahatisha nambari ya akaunti. Zikienda kwa nambari ambayo sasa ina mwenyewe mpya, utakuwa umemlipia mgeni. Piga simu kwa mkopeshaji, au nenda kwenye tawi ikiwa mkopo ulitoka benki kupitia simu, uwape kitambulisho, wakupe salio la siku hiyo na nambari ya akaunti ya kulipia. Salio waliandike kwa ujumbe au baruapepe. Lipa kiasi kamili hadi shilingi ya mwisho, kwa sababu Sh15 iliyobaki huacha mkopo wazi, na mkopo ulio wazi haufungwi kwenye ripoti. Tunza ujumbe wa M-Pesa na upige picha ya skrini, simu huibiwa.

Bado tunaulizwa kuhusu ile nafuu ya nusu ya deni. Mpango huo ulitangazwa na Benki Kuu Novemba 2022 kwa mikopo ya simu ya siku 30 au pungufu, na ulikwisha 31 Mei 2023. Anayekuambia bado unaendelea ana habari za zamani.

Benki: kabla ya kujadiliana, piga hesabu ya dari

Hapa ndipo pesa yako kubwa itakapookolewa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinaweka dari kwa mkopo wa benki ulioharibika. Benki haiwezi kukudai zaidi ya vitu hivi vikijumlishwa: mtaji uliokuwa umebaki siku mkopo ulipoharibika, riba ya mkataba isiyozidi mtaji huo, na gharama za kulifuatilia deni. Kwa maneno ya sokoni, riba ikishalingana na mtaji inasimama, hata ukikaa miaka kumi.

Tuchukulie kwamba ulipoacha kulipa mwisho wa 2022, katika ile Sh120,000 ulikuwa umebakiwa na mtaji wa Sh62,000. Mkopo uliingia hali mbaya baada ya siku 90, yaani kama Februari 2023. Dari yako ni hii:

Mtaji Sh62,000, jumlisha riba isiyozidi Sh62,000, ni Sh124,000. Juu yake, gharama halisi za ufuatiliaji.

Benki inadai Sh171,000. Tofauti ni Sh47,000. Ama ni gharama za wakusanya madeni, ambazo wanapaswa kukuonyesha kwa risiti, au mfumo wao uliendelea kuhesabu riba na faini kupita dari. Hutajua mpaka uombe taarifa kamili ya akaunti ya mkopo, tangu siku ya kwanza hadi leo, ikitenganisha mtaji, riba, faini na gharama. Omba kwa maandishi kwenye tawi. Karani akikuchapishia ukurasa wa salio peke yake, rudisha kwa heshima uombe ule wenye mienendo yote. Ukishaupata, tafuta mtaji uliobaki siku ya 90, uupige mara mbili. (Nambari hizo za kwetu ni mfano, mtaji wako halisi uko kwenye karatasi hiyo. Na kama baada ya Februari 2023 ulituma pesa mkopo ukarudi sawa kisha ukaacha tena, hesabu huanza upya kutoka siku ulipoharibika mara ya mwisho.)

Sasa mazungumzo. Una Sh90,000, umetoa Sh2,300. Usiweke zote mezani. Weka kando Sh10,000 ya vitambaa na kodi ya kibanda, maana ukimaliza deni ukabaki huna uzi, utakopa tena mwezi huohuo. Unabaki na kama Sh77,000 za kujadiliana nazo, na humo ndimo ilimo ile Sh8,000 ya kijana.

Mtafute afisa wa idara ya kufuatilia madeni, si karani wa kaunta ambaye hana uwezo wa kupunguza chochote. Anza na mtaji: "Naomba kulipa Sh62,000 kwa mkupuo ndani ya siku 30, riba na faini zisamehewe, iwe malipo ya mwisho ya kumaliza deni." Kwa mkopo wa zamani usio na dhamana, pesa taslimu iliyo tayari ina uzito kuliko ahadi ya Sh171,000. Watarudi na nambari yao, nawe utapanda polepole. Mpaka wako ni Sh77,000. Wakikataa kabisa, omba kupangiwa upya kwa awamu, ndani ya dari. Lakini fahamu tofauti: mkopo uliopangwa upya haurudi kuwa mzuri siku ya kutia sahihi. Hubaki kwenye daraja baya mpaka uonyeshe miezi kadhaa ya kulipa mfululizo. Kwa hali yako, mkupuo ni bora.

Wakikubali, usilipe bado. Subiri barua ya benki yenye mambo haya: nambari ya akaunti ya mkopo, kiasi mlichokubaliana na tarehe ya mwisho, maneno kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote na salio litakuwa sufuri, na ahadi kwamba benki itapeleka taarifa kwa kampuni zote tatu za CRB kwamba akaunti imefungwa. Bila sentensi ya salio sufuri, tuseme umelipa Sh70,000, mfumo utaipokea kama malipo ya kawaida, utaipunguza kwenye Sh171,000, na mwezi ujao utapigiwa simu ya Sh101,000. Hili ndilo kosa linaloumiza wengi zaidi, na huja baada ya mtu kutoa akiba yake yote.

Ukiwa na barua, lipa kwenye akaunti ya mkopo ya benki yenyewe. Mkusanya madeni, hata awe na kitambulisho cha kampuni shingoni, asipokee pesa kwa simu yake. Na kama wanakutukana au wanawapigia ndugu zako, andika tarehe na saa. Kwa watoa mikopo ya kidijitali kanuni za 2022 zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya simu, na kuna mahali pa kushtaki.

Wengine huuliza kama deni halijafa kwa umri. Benki ina miaka sita kukushtaki kwa mkataba, na malipo kidogo au kukiri kwa maandishi huanzisha hesabu upya. Lakini hata kesi ikishindikana kufunguliwa, mstari wa CRB unabaki. Kwa anayetaka kukuza duka lake, kungojea deni life ni hesabu mbaya.

Baada ya kulipa

Omba barua ya kumaliza deni, ya benki na ya mkopo wa simu, kila moja peke yake. Kisha subiri. Taarifa hupelekwa kwa zamu, kwa hiyo wiki chache za ukimya ni kawaida. Mwezi mmoja ukipita na mstari haujabadilika, tuma barua hiyo ya kumaliza deni kwa CRB kama pingamizi, kwa mtindo uleule wa hapo juu, na nakala kwa benki.

Cheti cha CRB chukua mwisho, ripoti zote tatu zikiwa zimesahihishwa. Cha kwanza hutolewa bure tangu kanuni za 2020. Bei iliyozoeleka ya vinavyofuata ni Sh2,200. Watu hukimbilia cheti kabla ya taarifa kubadilika, wakanyimwa, au wakapata cha kampuni moja huku nyingine bado ina deni. Na cheti kinasema jambo dogo kuliko unavyodhani: kwamba leo huna mkopo ulioharibika. Historia haifutwi. Rekodi ya deni lililoharibika kisha likalipwa hukaa miaka mitano tangu siku ulipolimaliza, ikionyesha kwamba limelipwa. Ukilimaliza mwaka huu, saa inaanza mwaka huu, na kila mwezi wa kuchelewa unaisogeza mbele.

Miaka hiyo mitano si kifungo. Hakuna sheria inayokataza mkopeshaji kumkopesha mtu aliyewahi kuharibikiwa. Uamuzi ni wake, na hutazama deni lililipwa lini na umefanya nini tangu hapo. Kwa hiyo kuna kazi ya kumpa kitu kizuri cha kutazama.

Kwa mshonaji, dawa nzuri zaidi iko kwenye Till, yaani nambari ya duka ya kupokea malipo ya M-Pesa. Fungua Lipa na M-Pesa ya duka, wateja walipie huko badala ya nambari yako binafsi, hata wa Sh150 za kupunguza suruali. Miezi sita ya taarifa ya Till inaonyesha duka lako kama lilivyo: Idi imeingiza nini, Januari imekauka vipi. Afisa mikopo anaielewa karatasi hiyo kuliko maelezo.

Kwenye sacco, anza na akiba kabla ya mkopo. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa wadhamini. Weka kiasi kilekile kila mwezi tarehe ileile, iwe Sh1,000 tu, na mkopo wa kwanza uombe mdogo kuliko akiba yako yenyewe. Mkopo wa Sh8,000 ukiwa na akiba ya Sh10,000 haumtishi mtu, na ukiulipa bila kuchelewa unaingia kwenye ripoti kama mstari mzuri. Uchague tarehe ya kulipa inayofuata siku zako za mapato. Na ukiombwa udhamini wa mwanachama mwenzako mwaka huu, kataa kwa lugha nzuri. Akiacha kulipa, deni lake linaweza kukufuata.

Mkopo wa simu unaweza kusaidia pia, ukichukua mmoja, mdogo, na kuurudisha siku mbili tatu kabla ya tarehe. Usiombe kwenye programu tano usiku mmoja. Kila ombi huacha alama kwenye ripoti, na alama tano za usiku mmoja husomeka kama mtu aliyebanwa.

Kama una mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) ambao hukuutaja, uulizie kabla ya yote. Faini yake ni Sh5,000 kila mwezi kwa asiyelipa, na hiyo hula haraka kuliko benki yoyote.

Siku ya kurudi kwenye sacco, usingoje waifungue ripoti peke yao. Nenda na barua mbili za kumaliza deni, jibu la pingamizi la Sh14,500, cheti, taarifa ya Till na nakala ya mihuri ya pasipoti. Mwambie afisa kabla hajauliza: "Nilikuwa Oman, mkopo ukaharibika Februari 2023, nimeumaliza tarehe hii, huu hapa ushahidi." Afisa atahitaji kuandika sababu ya kukukubalia kwenye fomu yake, na karatasi hizo zitampa la kuandika.